Chai ya Mgombea

Juzi niliona bango la mbunge wetu hapa ughaibuni, mtaani Mount Dennis, nikasikia harufu ya tangawizi, hasira zikanipanda.

Nilikuwa mdogo alipokuja kwetu kuomba kura. Mama alimtilia chai kwenye kimoja cha vikombe vya wageni, ambavyo sisi watoto hatukuruhusiwa kuvigusa.

"Ila bado sijapata uraia," Mama alimwambia.

Mgombea akakiweka kikombe mezani bila hata kuonja, akaenda kugonga kwa jirani. Mshenzi yule!

"Mama, umezidisha tangawizi," nikasema, nikidhani ndiyo iliyomkimbiza.

Mama aliimwaga chai kwenye sinki, akakisugua kikombe mpaka kikalia.

Jimbo limemchagua kila uchaguzi tangu hapo. Jana alibisha hodi kwangu, akiuliza kama nina uraia.

"Ninao," nilimjibu. "Lakini kura yako mama yangu aliimwaga kwenye sinki."