Nilimwambia Ni Bawasiri

Ualimu una ugonjwa wake, nao ni kudhani kwamba unachokijua wewe kinamfaa kila mtu. Nimefundisha sayansi katika shule ya msingi hapa Voi kwa miaka mingi, na ugonjwa huo ninao. Ule mwingine, bawasiri, niliupata kwenye vyuma.

Nilianza kunyanyua vyuma nikiwa na miaka arobaini na mitatu, wakati tumbo lilikuwa limeanza kunitangulia kuingia darasani. Aliyenivuta ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, mzaliwa wa Werugha kule milimani na fundi wa breki za malori kwenye barabara kuu. Jimu yetu ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya gereji. Vyuma vingine vilikuwa vya kununuliwa, vingine ni rimu za gari zilizochomelewa kwenye paipu. Tulikwenda jioni mara tatu kwa wiki, na kwa kuwa sipendi kushindwa, nilinyanyua uzito usio wangu. Nilibana pumzi hadi mishipa ya shingo ikatokeza, watu wakanishangilia. Nyumbani nilikula ugali na mayai, eti ndicho chakula cha mwanamume, na maji nilikunywa kidogo kwa sababu yale ya mfereji wetu yana chumvi.

Haikupita miezi mingi nikaanza kuona damu chooni, na kinyama cha ukubwa wa punje ya hindi kikachomoza mahali ambapo mtu hamwonyeshi mwenzake. Nikawa nafundisha nimesimama kutwa nzima kwa sababu kukaa kulikuwa mateso. Wanafunzi walidhani nimezidi ukali.

Nilikwenda hospitali peke yangu. Daktari alinipima, kisha akanieleza kwa upole. Ukinyanyua chuma toa pumzi, usiibane. Punguza uzito, uuongeze polepole. Kula mboga, matunda na maharagwe, na maji unywe hata kama huyapendi. Chooni usijikamue, wala usikae huko na simu. Ukiumwa, kalia beseni la maji ya uvuguvugu. Mwisho akasema damu isipokoma baada ya wiki chache nirudi, kwa maana si kila damu ni bawasiri. Yangu ilikoma, kwa hiyo hilo la mwisho nililisahau.

Siri hiyo nilimwambia shemeji peke yake. Ndugu yako wa damu huwezi kumtajia makalio yako, lakini shemeji ni mtu wa utani. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mwalimu, hiyo ni chaki imekwama," akasema.

Lakini tangu siku hiyo alinipunguzia uzito kabla sijaomba, akasimama karibu yangu akiniamuru nitoe pumzi, na akipata mteja wa kutoka Njukini alimwagiza maharagwe akaniletea. Nikapona.

Mwaka uliofuata ikawa zamu yake. Tulikuwa tunafunga viatu.

"Shemeji, hiyo kitu yako imehamia kwangu," akasema. "Naona damu."

Nilifurahi. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo nilivyohisi. Nilikuwa nimepata mgonjwa wangu, na ule utani wa chaki nikapata nafasi ya kuulipa.

"Ni bawasiri tu," nikamwambia. "Usiende kupanga foleni kwa kitu ambacho mimi nakijua."

Nikampa masharti yote, moja baada ya jingine, kama ninavyoyaandika ubaoni. Aliyafuata kuliko nilivyoyafuata mimi. Alikula sukuma wiki mchana na usiku, akabeba chupa ya maji hadi chini ya malori. Simu akawa anaiacha mezani. Wiki zikapita, damu haikukoma, nami badala ya kulishuku somo langu nikamshuku mwanafunzi.

"Kuna mahali unaniibia," nikamwambia. "Unabana pumzi nikigeuka."

Akaapa kwamba habani. Sikumwamini. Nikampunguzia uzito tena, mpaka akawa ananyanyua paipu tupu.

Kisha akaanza kupungua mwili. Vijana wa jimu wakamsifu kwamba amekatika vizuri, misuli sasa inaonekana. Kilikuwa kilemba cha ukoka, nami nikamvika kwa mikono miwili. Dada yangu aliponipigia simu kuniuliza mbona mumewe anakonda, nilimwambia ni mazoezi. Habari za damu ningeanzaje kumwambia dada yangu?

Siku aliyoanguka gereji alikuwa na breki ya lori mkononi. Hospitalini wakakuta hana damu ya kutosha mwilini, wakamtuma Mombasa, akapimwa kwa mpira wenye kamera. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana, na ilikuwa imeshafika kwenye ini. Daktari akamuuliza ameiona damu kwa muda gani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Shemeji alinitazama kidogo, akajibu, "Si muda mrefu."

Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Shemeji hakuficha. Aliniambia mimi.

Sasa yuko kwao Werugha, na dawa anazopewa ni za kutuliza maumivu tu. Naenda kila Jumamosi. Ukungu unakuwa mzito hata ng'ombe wa jirani unamsikia tu, na yeye amejifunika blanketi tatu, mtu aliyekuwa anafanya kazi na kifua wazi. Tunataniana bado, lakini kwa kujilazimisha, na anachoka upesi. Sitegemei kwamba atapona, wala yeye hategemei.

Jumamosi iliyopita alilala mapema, nami nikamfuata dada yangu shambani alikokuwa anachuma mboga. Nilikuwa nimekaa na neno hilo muda mrefu mno. Nikamwambia yote, kwamba mumewe aliniambia kuhusu damu mwanzoni kabisa, nami nikamzuia kwenda hospitali.

Hakuinua uso.

"Kaka, nguo zake nafua mimi," akasema. "Damu niliiona. Nikamwambia twende hospitali, akakataa, akasema mwalimu amesema ni bawasiri. Sikutulia, nikakupigia wewe, ukaniambia ni mazoezi. Nikaacha kumsumbua, kwa sababu ni wewe umesema."