Msumeno Uliozunguka Bila Umeme

Saa tatu asubuhi, Mama Randa anausukuma ubao kwenye msumeno wa umeme. Msumeno hauzunguki. Anaupitisha ubao juu ya meza, anaupokea upande wa pili ukiwa mzima kama ulivyoingia. Hata hivyo, sauti ya mbao zikikatwa imejaa karakana nzima. Inatoka kwenye simu iliyowekwa dirishani.

"Huo ni msumeno wa mdogo wangu, alinirekodia," anasema seremala huyo, ambaye wateja wamempa jina kwa randa isiyombanduka mkononi. "Nauzoesha mkono. Siku umeme ukija, sitaki nianze kujifunza."

Mdogo wake naye ni seremala, ameolewa nchi jirani. Walinunua misumeno ya aina moja, mwaka mmoja. Kule, ofisi moja ilipokea ombi, ikapima, ikavuta waya. Wiki ya tatu mbao zikawa zinakatwa. Huku, Mama Randa ana mwaka na miezi minne. Ofisi ya kwanza ilimtuma ya pili, ya pili ikadai nguzo, nguzo ikamsubiri mkaguzi, na mkaguzi anasikika tu, hajaonekana.

Jenereta alilijaribu. "Lilikuwa linakunywa kuliko mlevi," anasema huku akicheka. Basi anakata kwa mkono: viti viwili kwa wiki. Mdogo wake anatoa kumi.

Waya ulishafika kwenye mita, ikabaki idhini ya mkaguzi huyo tu. Kwa hamu, mama huyu akawa haizimi swichi ya msumeno, ili umeme ukija aujue papo hapo. Kila siku mumewe, ambaye ndiye anayepaka vanishi karakanani, aliyafuta meno ya msumeno kwa kitambaa yasishike kutu. Nani angeogopa chuma kilicholala mwaka mzima?

Mwezi uliopita, adhuhuri, mume alikuwa akiyafuta meno hayo simu ilipoita. Akakiacha kitambaa kwenye meno, akaenda dirishani.

"Alikuwa shemeji," anasimulia mume huyo akiwa mlangoni. Siku hizi havuki kizingiti. "Nikasema haloo, nikasikia msumeno. Nikajua ni wake. Akaniuliza, 'Shemeji, umeme umekuja? Mbona mnakata?' Nikamwambia, si wewe unayekata? Akasema, 'Mimi nimezima.' Ndipo nikageuka."

Msumeno ulikuwa unazunguka. Kitambaa kilikuwa nyuzi tupu sakafuni. Ukazunguka kidogo, ukapunguza, ukanyamaza.

Mama Randa alikwenda ofisini kuuliza nani aliwasha. "Karani akatazama kompyuta, akaniambia, 'Mama, wewe huna umeme.' Nikamwonyesha zile nyuzi. Akasema labda panya."

Fundi mmoja wa nguzo anasema huenda laini ilikuwa inajaribiwa. Lakini kati ya wenzake wote, hakuna anayekumbuka kufika mtaa huo siku hiyo. Mwandishi wa makala haya aliyaandika hayo mikono ikiwa mbali na meza ya msumeno.

Mdogo mtu anawasihi wahamie kwake. Mume ameshafunga brashi zake kwenye mfuko. Mke hataki kusikia.

"Kuhama sihami. Wateja wangu wako hapa. Ila bila mume wangu humu ndani, karakana hii ni mbao tu," anasema.

Swichi ya msumeno sasa imezimwa. Juu ya mlango amefunga balbu moja nyekundu, na swichi yake pekee ndiyo iliyoachwa imewashwa kuupokea umeme. "Mgeni hubisha hodi. Na huu ubishe. Balbu ikiwaka, baba watoto ataingia, na msumeno atauwasha yeye, kwa mkono wake."

Anairudia ile rekodi na kushika ubao. Mlangoni, mumewe anashtuka.

"Simu au msumeno?"

"Simu, baba watoto."

"Hebu izime nisikie."

Anaizima. Karakana inanyamaza. Wote wawili wanautazama msumeno, kisha balbu, kisha msumeno tena, kabla mke hajauinua ubao wake.