Paneli Tatu Juu ya Ua wa Bi Nuru

Nisingetoka Voi siku ile lau si simu ya Salim. Salim ni mtoto wa mama mdogo wangu, Bi Zena, wa Kibokoni, na si mtu wa kulalamika. Akikupigia kabla hujanywa chai, jua kuna jambo. Aliniambia petroli imeadimika Mombasa. Vituo karibu vyote vimefunga minyororo, na kile chenye mafuta foleni yake inazunguka mtaa. Stima nayo ilikuwa ikikatika kila siku. Mama mdogo mapafu yake yamechoka, anapumua kwa mashine ya oksijeni. Stima ikikatika mashine huendeshwa na jenereta, na jenereta bila petroli ni chuma tu.

"Dada," akasema, "nimebakiwa na jerikeni moja, nayo haijai."

Mimi ni mshonaji. Sola naijua kwa sababu vyerehani vyangu vinakwenda kwa jua, na nilikuwa nimewaimbia watu wa Kibokoni wafunge yao mpaka nikachoka kujibiwa inshallah. Asubuhi ile sikumwuliza mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mutua, fundi aliyenifungia yangu, nikamkuta na mswaki mdomoni. Akataka kunieleza kwamba paa lazima likaguliwe kwanza. Nikamwambia atalikagua akifika. Jua halijapanda sawasawa tulikuwa barabarani na pikapu yake, nyuma paneli tatu zimefungwa kwa magodoro, betri, na inveta ya kugeuza umeme wake uwe wa nyumba.

Mariakani tulisimama. Malori yalikuwa yamepangana mpaka upeo wa macho, na madereva wameshuka wananunua mahindi kana kwamba hakuna mtu duniani mwenye haraka. Hapo Salim akapiga tena: stima imekwenda, jenereta limewashwa. Nikaanza kumhimiza Mutua apite pembeni, apige honi, afanye lolote. Mutua ni Mkamba mpole, hapandishi sauti hata ukimkanyaga. Alinijibu kwamba nikiisukuma dashibodi kwa magoti gari haliongezi mwendo. Nilimnunia mpaka Mazeras.

Kibarani, tulipoingia kisiwani, nilikumbuka lile jaa la takataka la zamani lililokuwa likitufanya tuzibe pua kwa mitandio. Sasa pana majani na watu wamekaa. Ng'ambo ya maji palionekana meli ya mafuta imefunga gati. Mutua aliitazama akashangaa kwamba mafuta ya nchi nzima yanashukia hapa, na hapa ndipo hakuna. Nikamwambia leo imechelewa meli, lakini iko siku visima vyenyewe vitakauka huko yanakotoka, maana mafuta hayaoti kama muhogo, na watu watakuwa bado wamepanga foleni. Nilisema kwa hasira. Nilikuwa naogopa.

Kibokoni gari haliingii vichochoroni, kwa hiyo tulipakia kila kitu kwenye mkokoteni. Ngurumo ya jenereta niliisikia kabla sijaiona nyumba, nikashukuru. Mama mdogo alikuwa kitandani chumba cha juu, mpira wa oksijeni puani, amekonda mpaka pete yake ya ndoa ameifunga uzi. Nikambusu mkono. "Ndoo mwanangu," akaniita karibu, kisha akavuta pumzi. Salim alinivuta kando akanionyesha jerikeni. Ilikuwa tupu, petroli yote imo ndani ya jenereta.

Betri, Mutua alisema, ilikuja na chaji ya kuonjesha tu; bila paneli haitafika mbali. Nikamwambia basi apande. Akatokea dirisha dogo la juu, akaenda upande wa paa unaopigwa na jua, akaanza kufunga vyuma vya kushikilia paneli. Alipomaliza cha mwisho nikasikia mwanamke akipiga ukelele kule chini, na mlango ukabamizwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kibokoni nyumba zimebanana, na paa la huyu linachungulia ua wa yule. Fundi hapandi mpaka mtu wa nyumba azunguke kwa majirani kupiga hodi na kutoa habari, wanawake wajistiri. Nimezaliwa hapo, najua, na kwa haraka yangu nimeghafilika. Na jirani mwenyewe hakuwa jirani wa siku zote. Bi Nuru alikuwa amefiwa na mumewe, yumo edani. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki na haonwi na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, na ua wake ndiko kwenye jiko lake na maji yake. Mutua amemkuta anaanua nguo, kichwa wazi.

Kakake Bi Nuru, Mzee Athman, alikuwa mlangoni kwetu kabla Mutua hajashuka. Hakufoka, na hilo lilinitisha zaidi. Mutua alimwomba radhi huku ameinamisha kichwa. Mzee akamwambia yeye ni mgeni, hana lawama. Kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye ninayekulaumu. Hakuna atakayepanda paa lile mpaka eda iishe."

Eda ilikuwa imebakiza miezi miwili. Nikamweleza habari ya petroli, nikamwomba dada yake akae ndani saa moja tu. Akanijibu kwamba hatamwambia mfiwa ajifungie chumbani kwa ajili ya fundi wetu baada ya kumdhalilisha. Mbele ya mtu wa heshima zake nikaanza kulia, mimi ambaye Voi wananiita simba. Jenereta juu likakohoa, likashika tena.

Sauti ya Bi Nuru ikatoka nyuma ya pazia la mlango wake.

"Athman, muulize. Yeye mwenyewe hana miguu?"

Nina miaka hamsini na mbili na mwili wa kutosha, na ngazi ya kubadilishia balbu hunitia kizunguzungu. Nilivua buibui, nikavaa suruali ya Salim, nikatoka kwa lile dirisha. Bati lilikuwa moto likanichoma viganja. Mutua alibaki ndani, asikoona ua, akinisukumia paneli dirishani moja moja huku akinieleza taratibu. Mimi nazivuta kwa kamba nikimtaja Mungu.

Bi Nuru alikuwa ametoka uani kwake, ameinua uso ananitazama. Hakunisalimu. "Usikanyage hapo," akasema, "bati hilo limeliwa na chumvi. Fuata misumari, chini yake ndipo penye boriti." Nikafuata misumari. Kila nilipoganda kwa woga aliniambia pa kuweka mguu, mkavu hivyo hivyo, mpaka paneli ya tatu ikakaa. Nikapitisha waya kwa Mutua. Nilikuwa nakaza boliti ya mwisho jenereta likakohoa mara mbili, likazima.

Mashine ya Mama mdogo ikapiga king'ora chake, mlio mwembamba wa kukata moyo. Nikasikia Salim akimwita Mutua, nikasikia viatu. Kisha king'ora kikakatika. Nami nisijue kimekatika kwa heri au kwa shari.

"Vipi?" akauliza Bi Nuru. Nilitambaa mpaka dirishani nikajitupa ndani.

Mama mdogo alikuwa amekaa, macho yamemtoka, kucha zake zimezama mkononi mwa Salim. "Mbona kimya?" akasema. "Jenereta li wapi? Salim, mbona kimya?" Mwaka mzima stima ikikatika, uhai wake ulikuwa ni ile ngurumo. Nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya mashine auhisi mtetemo. Hewa ilikuwa inapita; Mutua alikuwa amekwisha kuiunga mashine na betri. Hakuamini haraka. Alikaa vile, mkono juu ya mashine, machozi yakimtiririka, na mimi yangu.

Niliporudi dirishani Bi Nuru alikuwa bado amesimama. Nikamwambia anapumua. "Alhamdulillahi," akasema, akaingia ndani.

Kesho yake njiani Mutua hakunisema, ila tulipopita Mariakani alitamka kwamba paa hukaguliwa kwanza. Nikakubali. Nilikuwa nimewahubiria watu miaka kwamba jua ni bure, lisubiri tu likufikie. Kumbe kulifikisha Kibokoni kunataka hodi kwa jirani, na mimi mwenye kujua kila kitu nilikuwa na jua zima mgongoni nikakosa hodi.

Siku ya tatu Voi nilimpigia Mama mdogo, hakupokea. Nikapiga tena, na tena. Nikampigia Salim. Akasema stima imekatika tangu asubuhi.

"Na mama?"

"Yuwazungumza na Bi Nuru, kupitia ukuta," akasema. "Siku zote hizi jenereta lilikuwa haliwaachi kusikizana. Asema upige baadaye."