Harmen na Habari za Wolmerstede

Miaka kumi na sita Harmen Tiedke alisahihisha gazeti la kila wiki katika karakana ya uchapaji ya Bibi Alheit, pale Hamburg, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemshukuru. Vita vilikuwa vimekwisha kula nusu ya Ujerumani, na barua za vita kutoka kila upande ziliishia mezani kwake. Alizisoma, akazifupisha, akaandika juu ya kila moja imetoka mji gani na tarehe gani. Palipokuwa na jambo ambalo mwenye barua amelisikia tu kwa watu, Harmen aliongeza: bado haijathibitishwa. Aliyaongeza maneno hayo mara nyingi hata mafundi wakambandika jina, Bwana Bado. Yeye hakucheka. Ilimuudhi kuona watu wazima wanachapa uvumi na ukweli kwa herufi zilezile, kisha wanakwenda kunywa supu yao ya njegere bila wasiwasi.

Jumanne moja ya mwezi wa tano ikaletwa barua ya mfanyabiashara wa Lüneburg. Mji wa Wolmerstede, ulio mbali juu ya mto, umetekwa na kuchomwa moto. Inasemekana hakuna aliyepona. Lakini kuna mwenye mashua aliyesikia kwamba wapo watu waliojificha katika ghala la chumvi. Harmen alinakili yote mawili, akaweka onyo lake, akampa Lütke, mpanga herufi, kisha akatoka kwenda kula.

Aliporudi, karatasi za kwanza zilikuwa zimeshachukuliwa na wauzaji, na mia tatu nyingine zimeanikwa kwenye kamba, bado mbichi. "Hakuna hata mmoja aliyesalimika Wolmerstede." Basi, habari imeishia hapo. Ghala halimo.

"Lütke! Mistari yangu iko wapi?"

"Nafasi iliisha, mzee. Ilizidi miwili. Ulitaka niichape mgongoni kwangu?"

"Si ungekata ile habari ya harusi ya mwana wa mfalme!"

Bibi Alheit, mjane aliyerithi karakana na ukali wa marehemu mumewe, aliinua kichwa. "Harusi watu wanaipenda. Na punguza kelele, Harmen. 'Hakuna hata mmoja,' kila mtu anaelewa. 'Labda wapo, labda hawapo,' nani atanunua?"

"Kuna watu wana ndugu zao kule, Bibi."

"Tutasahihisha wiki ijayo."

"Wiki ijayo!" Harmen alitoka bila kofia. Damu ilikuwa inamchemka, na alijua vizuri kwa nini anakimbilia bandarini. Tangu asubuhi nahodha Detlev Krohn alikuwa akipakia mikate kwenye jahazi lake ili apande mto hadi Wolmerstede, maana uvumi wa mashambulizi ulikuwa umeshafika bandarini, na Wibke, muuza samaki, alikuwa aende naye kumtafuta dada yake, Gesche.

Gazeti lilikuwa limemtangulia. Detlev alikuwa anawauzia mabaharia mikate ya mwisho. Wibke alikaa juu ya pipa, karatasi imekunjwa mkononi, macho makavu.

"Detlev, acha! Usiuze!"

"Kwani hujasoma? Wamekwisha wote."

"Mimi ndiye ninayelisahihisha! Barua ilisema huenda wapo watu kwenye ghala la chumvi. Wameyakata hayo."

"Huenda." Detlev alimkazia macho. "Wapo au hawapo?"

Harmen alitamani sana kusema wapo. Ingekuwa rahisi, na nani angemlaumu? "Sijui," akasema.

"Hujui! Umekuja mbio ulimi nje kuniambia hujui?"

"Gazeti nalo halijui. Mimi angalau nakiri."

Wibke akasimama. "Mimi hiyo inanitosha. Kaka Detlev, tafuta mikate mingine."

Lakini mikate haiokwi kwa kufumba na kufumbua. Waokaji walitaka siku mbili, na jahazi liliondoka Alhamisi.

Walirudi baada ya siku kumi na moja. Ghalani waliingia watu thelathini na mmoja. Waliofika Hamburg wakiwa hai ni kumi na tisa. Gesche alikufa kwa njaa siku moja kabla ya jahazi kufika. Harmen aliyaandika yote kutoka kinywani mwa Detlev mwenyewe, hesabu na tarehe, akasimama nyuma ya Lütke mpaka mstari wa mwisho ukapangwa. Ndipo Bibi Alheit akamtuma posta kuchukua barua.

Gazeti likatoka hivi: "Kama tulivyokuwa wa kwanza kuwaletea habari za Wolmerstede, leo tunafurahi kutangaza kwamba waliojificha ghalani wote wameokolewa." Harusi nyingine ilikuwa imepewa nafasi.

Kesho yake Wibke aliingia karakanani, aproni imejaa magamba ya samaki, akaiweka karatasi mbele ya Harmen.

"Bwana Harmen, mimi sikusoma shule. Sokoni nimesomewa, lakini nataka nikusikie wewe."

Harmen akasoma, akafika kwenye neno "ghalani" akaiweka karatasi chini.

"Endelea."

"Wote," akasema Harmen.

Wibke aliwatazama mmoja mmoja, Bibi Alheit, Lütke, kisha yeye. "Alipokuwa hai mlisema amekufa. Sasa nimemzika kwa mikono yangu, mnasema amepona. Dada yangu mtamwacha lini?"