Agnella na Kasha la Chuma

Binti yangu Agnella anachora ramani za nyumba, na ukitaka tukosane, mwite "yule dada wa steshenari." Hana steshenari. Ana meza, rula na kichwa chake. Alisomea chuo cha ufundi, darasa zima wanaume watupu na yeye peke yake, na siku ya kwanza mwalimu alimwuliza kama hajapotea njia akienda darasa la ushonaji. Akajibu, "Hapana mwalimu, cherehani ninayo nyumbani," akavuta kiti akakaa. Huyo ndiye Agnella. Mimi ni mama yake, Katarina, naishi naye hapa Kibaoni. Haya nitakayosimulia mengine yananiaibisha mwenyewe, lakini nitayasema.

Miaka saba alichora kwa mkono. Vyoo, mabanda ya nguruwe, vyumba viwili na sebule za watu wa Katindiuka. Vikubwa hawakumpa. Ikifika kazi ya darasa au ghala, utasikia wanatafuta mtu wa kutoka Morogoro. Halafu watu wakaanza kutaka picha. Siyo ramani tena, picha: nyumba imeshapakwa rangi, maua yamechanua, gari limeegeshwa mlangoni, na mwenye nyumba mwenyewe anakwenda shamba kwa baiskeli! Picha hizo zinataka kompyuta yenye nguvu, na Agnella alikuwa na kilaptopu kichovu ambacho ukikiambia kichore bati kinagoma.

Akaamua kuunda kompyuta yake mwenyewe. Nilimwambia, "Mwanangu, kompyuta haiundwi kama banda la kuku." Akasema, "Inaundwa, mama, kwa bisibisi." Kwa miezi minane akawa ananunua kiungo kimoja kimoja, vinakuja na basi kutoka Dar vimefungwa kwenye boksi la biskuti. Akavipanga juu ya kipande cha plywood, na siku kile kitu kilipowaka nilipiga vigelegele mpaka jirani yangu Eliza akaja kuuliza nani amejifungua.

Mwezi wa saba, kigango chetu cha Katindiuka kikatangaza kujenga ukumbi. Mwenyekiti wa kamati, mzee Stanislaus, alisimama baada ya misa akasema anayejua kuchora alete picha Jumapili ijayo, kamati itazame na kuchagua. Agnella akanyoosha mkono. Mzee akamwuliza, "Utaleta ya nani?"

"Yangu, baba."

Watu wakacheka chini chini. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Mama, nikiupata ukumbi huu, hakuna atakayenirudisha kwenye vyoo. Nikiukosa, wataniambia mpaka nazeeka kwamba nilijaribu nikashindwa." Tulikuwa na siku saba.

Sasa, kompyuta iko wazi juu ya plywood, na nyumba yangu mwezi wa saba si nyumba, ni ghala. Magunia ya mpunga yamepanda mpaka darini, mashine ya kukoboa iko nyumba ya tatu kutoka kwetu, vumbi la pumba linaingia hata kwenye chai. Na panya nao wamo, wamenona. Jumatatu asubuhi tukakuta mmoja ameguguna waya wa feni. Agnella akauunga, akasema, "Hiki kitu kinataka kasha, leo hii hii."

Tukaenda kwa Kelestini, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi. Kelestini akaleta kasha la kwanza, ubavu mmoja kioo, ndani taa nyekundu na bluu zinawaka kama za ukumbi wa harusi. Agnella akalibonyeza kwa kidole gumba. Bati likaingia ndani, likarudi, to!

"Hili wamelitengeneza kwa kopo la dagaa?"

"Dada, hili ndilo la kisasa," Kelestini akasema. "Vijana wanalipenda."

"Hewa inaingilia wapi?"

"Juu pale. Matundu kibao."

"Na vumbi je?"

Kelestini akaleta la pili, la tatu, la nne. Agnella akayakagua kama anavyokagua nyumba: anaanza na pembe kama zimekaa sawa, anashika miguu, anapitisha kidole kwenye kingo asikatwe, anatikisa asikie kinacholia. Saa nzima! Mimi nimesimama juani, miguu inawaka moto. Damu ikanichemka. "We Agnella, unachagua sanduku au unachagua mchumba? Beba moja twende, siku zinakwisha!"

Nilisema hivyo mbele za watu. Akaniangalia, akashusha pumzi, akabeba lile jepesi lenye matundu juu, lililokuja na pawa saplai yake, kile kiboksi cha kuleta umeme; angalau halikuwa na kioo. Nasema wazi: hakulitaka. Alilibeba kwa ajili ya mdomo wangu.

Sasa sikiliza kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Mimi kwangu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio nimeifumia kitambaa, televisheni nimeifumia, jokofu nimelifumia, hata mtungi wa gesi una sketi yake. Jumatano Agnella aliiacha mashine inapika picha. Ndivyo anavyosema mwenyewe, picha inapikwa kutwa nzima kama maharage, mwenyewe unaweza kwenda zako. Akaenda kupima kiwanja cha watu. Huku nyuma upepo ukaleta pumba, na mimi nikatazama yale matundu ya juu yaliyo wazi, vumbi linadumbukia ndani. Roho ikaniuma. Nikachukua kitambaa changu kipya chenye bitana, nikakitandika, juu yake nikaweka kanga iliyokunjwa mara nne. Nikaridhika kabisa.

Alasiri nikasikia feni imenyamaza. Nikadhani picha imeiva. Nikaondoa kanga na kitambaa, kwa sababu kitambaa kilikuwa bado hakijafumwa ukingo, nilitaka kukimaliza kwanza ndipo nimwonyeshe. Agnella aliporudi akakuta mashine imezimika katikati, picha hakuna. Akaiwasha, akaangalia, haoni tatizo. Alhamisi akaiwekea tena ipike, akatoka, na mimi nikafunika tena. Ikazimika tena. Mungu anisamehe, wala sikuunganisha mambo. Ningejuaje? Televisheni yangu ina miaka tisa chini ya kitambaa, haijawahi hata kukohoa.

Ijumaa asubuhi akaamka uso umemvimba. "Ni pawa saplai ya Kelestini," akasema huku anaichomoa. "Jana niliposhika kasha lilikuwa la moto, mama, moto kama kitu kilichofunikwa blanketi. Nakwenda kumpa vidonge vyake."

Nikajua. Lakini je, nilisema? Thubutu! Nilijifunga kanga nikamfuata, moyoni najiambia huenda kweli ni hiyo pawa saplai.

Pale kibandani Agnella aliwaka. Kelestini akaapa kwa mama yake mzazi, akachukua ile pawa saplai, akaipima mbele yetu. Nzima kabisa. Akaifuta vumbi, akamrudishia, halafu akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi, "Dada, labda ni namna ulivyoiunganisha. Hizi kazi si mbaya mtu akikubali zimemzidi."

Agnella akainamisha kichwa, akaanza kuizungusha ile pawa saplai mikononi. Mwanangu ambaye hakumjibu kinyonge hata mwalimu wa chuo, nikaona ameanza kumwamini Kelestini. Hapo ningekufa kuliko kunyamaza.

"Ni mimi," nikasema. "Nilifunika. Jumatano na jana. Kwa kitambaa na kanga."

Kelestini alicheka mpaka akashika ukuta. Agnella hakucheka. Nikasubiri anifokee, na nilistahili. Akaniuliza tu, "Nikikuambia usifunike tena, utaacha?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini tulikuwa tumeshaharibu vya kutosha kwa kuficha. "Nitajikaza," nikasema. "Wiki moja nitajikaza. Halafu pumba zikija nitafunika."

Akatikisa kichwa, na naapa niliona mdomo wake unacheza. "Basi kosa ni la kasha," akasema. "Mteja akiniambia bibi yake hawezi kupanda ngazi, simwambii akatafute bibi mwingine. Naondoa ngazi. Nataka kasha ambalo juu limezibwa kabisa, hewa ipite mbele itokee nyuma, na chuma chake kiwe chuma." Akatazama huku na huku kibandani. Macho yakatua. "Kelestini, simama."

"Nisimame kwa nini?"

"Umekalia kasha langu."

Kweli bwana. Kelestini alikuwa amekalia kompyuta ya zamani ya ofisini, imelazwa ubavu, rangi ya maziwa yaliyochacha, imeganda vumbi. Agnella akalisimamisha. Zito! Akatoa tepu akapima ndani, akahesabu matundu ya skrubu, akalala chini akachungulia. Kisha akaniambia, "Mama, kaa." Mimi si mwepesi, watu wananijua. Nikakaa juu yake, nikajitikisa kwa makusudi. Kasha halikulia hata kidogo.

"Nachukua hili," Agnella akasema. "Lile jepesi nakurudishia, ulikalie wewe."

"Lile? Nikilikalia si litakuwa chapati!"

"Basi umesikia mwenyewe."

Saa sita mchana tulikuwa nyumbani. Akaazima drili kwa mume wa Eliza, akatoboa matundu upande wa mbele, chini, na mengine nyuma. Matundu ya mbele akayawekea wavu wa dirishani kwa ndani ili pumba zikwame hapo na ziweze kupigwa brashi. Ya nyuma vilevile, kwa ajili ya panya. Mimi nilishika tochi, nilishika skrubu mdomoni, nilinyamaza. Kunyamaza kwangu ni kazi ya sulubu, lakini nilinyamaza. Alipofunga skrubu ya mwisho akaniambia, "Sasa lete kitambaa."

"Agnella, usinitanie."

"Lete. Na kanga."

Nikafunika juu. Akakaa na kiganja chake nyuma ya kasha nusu saa nzima, hewa ya moto inatoka, feni inaimba. Jumamosi mashine ilipika kutwa, imefunikwa, na saa kumi picha ikatokea: ukumbi wetu wa kigango, kuta za tofali za kuchoma, madirisha marefu, mwanga umelala sakafuni. Nililia. Sioni haya kusema.

Jumapili tulikodi bajaji, maana ilibidi tuibebe mashine yenyewe tukaiunganishe na televisheni ya kigango. Kasha nikalipakata mimi. Karibu na kufika bajaji ikakwepa ng'ombe, gurudumu likazama shimoni, na kasha likanichomoka mapajani, likatua barabarani kwa kishindo. Mimi tena! Nilishika kichwa nikapiga ukunga. Agnella akashuka, akalisimamisha. Pembe moja ilikuwa imechubuka rangi, basi. Akalifungua pale pale kando ya njia, akagusa kiungo kimoja kimoja kama anayempapasa mtoto aliyeanguka, akakandamiza kimoja kilicholegea, akafunga. "Twende," akasema.

Gasper, kijana wa mjini, alikuwa ametangulia kuonyesha ya kwake, karatasi kubwa inayong'aa, na nasema haki, ilikuwa nzuri. Ikaja zamu yetu. Agnella akabonyeza swichi. Kioo cha televisheni kikawa cheusi, cheusi, halafu ukumbi ukajitokeza.

Mzee Stanislaus akavua miwani, akaivaa. "Nzuri," akasema. "Sasa tuambie ukweli, binti. Nani amekuchorea?"

Nilisimama. Agnella akanivuta kanga nikae. Akajibu kwa sauti kavu, "Nimechora mimi, baba. Niambieni kitu chochote mnachotaka nikibadilishe, nikibadilishe mkiwa mnaona."

Wakaangaliana. Mama Digna, ambaye ndiye anayetupikia sikukuu zote, akasema toka nyuma, "Jiko. Hapo ulipoliweka moshi wote utaingia kwa wageni. Na Gasper hakuliweka kabisa."

"Kweli mama, nimekosea," Agnella akasema. Akafungua mchoro wenyewe, ule usiopikwa, akalishika jiko lile kwenye kioo, akalihamisha upande wa pili, akatoboa mlango, akaongeza baraza la kuoshea vyombo. Kina mama wakapiga makofi. Wanaume wakasogeza viti. Mzee Stanislaus akasema, "Ondoa nguzo hiyo ya katikati."

"Siwezi, baba. Nikiiondoa paa litawaangukia. Lakini naweza kuigawa ziwe mbili, zikae pembeni." Akafanya.

Ile mashine ilikuwa inavuma chini ya meza bila kuchoka. Kisha mzee akawageukia wenzake, hawakupinga, akamwambia, "Jumatatu ya wiki ijayo watu wanakuja na majembe. Utuonyeshe pa kuchimba msingi."

Siku hiyo walikuja watu zaidi ya thelathini. Wazee niliowajua tangu naolewa, vijana, hata wale waliocheka kanisani. Wote wamesimama na majembe begani, wanamngoja mwanangu. Agnella akatembea na tepu yake, akarudi, akapima tena, akachomeka vigingi na kuvuta kamba. Hakuna aliyemharakisha. Akasimama kwenye pembe, akakanyaga kwa kisigino, akasema, "Hapa."

Mimi nikampokonya mzee Stanislaus jembe, nikapiga la kwanza.