Aliyetoka Mlangoni na Aliyebaki

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kipaza sauti kabla hata sijaonyeshwa choo kiko wapi. Hapo ni Mbeya, miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na mimi ni kijana wa Kihesa, Iringa, niliyemaliza shule ya kati nikiwa na Kiingereza cha kuombea maji. Kazi yenyewe ilikuwa ukalimani wa sinema. Ninyi wa siku hizi mnakuta picha inaongea Kiswahili, mnadhani ilizaliwa hivyo. Wapi! Picha ilikuwa inabwabwaja Kiingereza chake, na mimi nasimama kando ya shuka nyeupe nawaambia watu kinachosemwa.

Bwana Ofisa wa Sinema, Mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili kitabuni, alinipa sheria moja tu.

“Utasema maneno ya picha. Hutaongeza chumvi, hutapunguza chumvi.”

“Ndiyo, bwana.”

Opereta wetu, Mzee Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyekuwa dereva na fundi wa projekta kwa pamoja, alingoja bwana atoke ndipo akacheka. “Chumvi utaongeza, mwanangu. Utake usitake.”

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Jenereta huwekwa mbali na watu, nyuma ya lori, mngurumo wake usije ukaimeza sauti ya mkalimani. Rili, yaani gurudumu la bati linaloviringishiwa filamu, haishikwi kwa mkono wenye mafuta. Filamu ikikatika unaiunga kwa gundi, na wakati opereta anaunga, mkalimani aendelee kusema chochote, maana watu wakikaa gizani bila maneno wanaanza kurusha mahindi. Picha zetu zilikuwa za kuchimba choo, kupanda kwa matuta, kuogesha ng'ombe. Hizo nilizitafsiri hata nikisinzia.

Halafu ikaja ile picha.

Bwana Ofisa alisema ni hadithi ya kubuni ya sayansi, ya zamani, enzi za Malkia wa mababu zake, wakati wataalamu wao walipodhani kila kitu kinaweza kuchemshwa kwenye chupa kikachujwa. Mtaalamu mmoja, mwenye mke na mtoto, anataka kuutoa ubaya ndani ya mtu, wema ubaki peke yake. Anachanganya dawa inayofuka moshi, anakunywa mwenyewe, anaanguka. Wanainuka wawili, sura moja. Mmoja anachukua kofia, anatoka mlangoni akicheka, anakwenda kuchoma nyumba za watu. Wa pili anabaki mezani, mpole ajabu. Wezi wanaingia kumbebea saa yake, naye anawashikia mlango. Moto unafika kwake, mwanawe analia dirishani, na baba amesimama tu.

“Bwana,” niliuliza, “yupi kati yao ndiye mwenyewe?”

Akawasha kiko chake taratibu. “Tafsiri tu.”

Mbeya nikatafsiri. Mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, “Wewe wa kipaza! Na mke ni wa nani sasa?” Watu wakavunjika mbavu. Mimi sikucheka, kwa sababu hata mimi nilitaka kujua.

Tukashuka Iringa, tukatandaza shuka uwanjani Mlandege. Mtaalamu alipoinua bilauri, nikasema, “Anakunywa dawa aliyoichanganya kwa mkono wake.” Wazee wakaguna kwa kuridhika. Kwetu anayekukaribisha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, anapiga funda la kwanza yeye, uone kwamba hakuna kitu ndani. Kwa hiyo wakamwona yule Mzungu mtu muungwana kabisa! Kisha akainuka akiwa wawili, watu wakaanza kunipigia kelele niwaeleze. Nilijaribu kueleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kupotea.

Asubuhi, hata chai hatujamaliza, akaja dresa wa zahanati, yaani mhudumu wa dawa na vidonda, Bwana Kihwele, jasho linamtoka.

“Ninyi watu mmeniua! Kuna mtoto pale ana homa kali tangu juzi, bibi yake amekataa dawa kwa sababu ya picha yenu.”

Tukamfuata. Bibi Sekalinga alikuwa amekaa barazani, mjukuu wake wa kike amelala mapajani, macho yamemlegea, midomo imekauka. Watu walishawazunguka.

“Kamwene, bibi,” nikamsalimu.

“Kamwene. Wewe ndiye sauti ya jana?” Akanyoosha kidole kwa dresa. “Huyu anachanganya dawa kwenye bilauri, haonji. Kwa nini haonji?”

“Basi naonja!” dresa akasema, akainua chupa ya kwinini.

Watu wakarudi nyuma wote. Mwanamume mmoja akapiga kelele, “Asionje! Wakitoka wawili je?”

Jamani! Asipoonja, anaficha sumu. Akionja, anatuletea mchoma nyumba. Na mtoto homa inapanda. Dresa akanigeukia kwa uchungu. “Umewalisha uongo, sasa uutapike.” Mzee Ambakisye akanikonyeza kana kwamba ni mchezo. Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa kweli, maana nilisema maneno ya picha tu, bila chumvi, kama nilivyoagizwa.

Nikaipokonya ile chupa, nikapiga funda. Uchungu wake, Mungu wangu!

“Kaa hapa,” bibi akaamuru. “Tukutazame.”

Nikakaa chini kama mwizi aliyekamatwa. Wananikodolea macho, na wengine wanachungulia nyuma yangu kama kuna wa pili. Nami, nawaambieni ukweli, nikaanza kusikia kitu kinapanda. Kifua kinawaka. Nikamchukia dresa na mdomo wake, nikamchukia Bwana Ofisa na kiko chake, nikataka kumkamata yule mpiga kelele nimtie kofi. Nikaogopa sana. Nikajiuliza, au ndiyo dawa yenyewe?

Bibi akainama usoni pangu. “Unatetemeka. Una nini?”

“Nina hasira, bibi.”

“Hasira hiyo umeipata ulipokunywa, au ulikuja nayo?”

Nikafikiri. “Nilikuja nayo.”

“Basi dawa haina neno,” akasema. Akamnyanyua mjukuu wake, akaniwekea mapajani. “Mshike wewe. Mbane sawasawa, maana atatema.”

Nikambana, dresa akamnywesha. Alipiga mateke, akanikwaruza shavu, akameza. Jioni tulipokuwa tunapakia jenereta, dresa alikuja kutuambia homa imeshuka na mtoto ameomba uji. Hakuniomba radhi, na mimi sikumdai.

Niliporudi Mbeya, Bwana Ofisa akauliza watu wameipokeaje picha. Nikamwambia wameuliza mke ni wa nani. Alicheka mpaka kiko kikazima. Baada yake nikatumikia Maofisa wengine, na Uhuru ulipokuja nikatumikia Mabwana Habari wa kwetu waliochukua nafasi zao, mpaka nikastaafu. Picha ile sikuiona tena.

Sasa nimekaa Kihesa, wajukuu wananiuliza katika wale wawili mwema alikuwa yupi. Nasema sijui, na si kwamba najitia unyenyekevu, kweli sijui. Aliyebaki mezani hakuwa na ubaya hata chembe, na mwanawe aliungua. Mimi nilikuwa nimejaa hasira mpaka kooni, na bibi yule alikwishanisikia nikisema hivyo kwa kinywa changu. Ndipo akanipa mtoto.