Namba Nne Imeruka

Mimi pombe sinywi. Miraa sili. Macho yangu ndiyo yananilisha, na nilipoyapeleka kupimwa niliambiwa ni mazima. Nayasema haya mapema kwa sababu najua mtakavyosema: huyu mama ameanza kuona vitu. Sikuanza kuona vitu. Niliona kitu kimoja, mara moja tu, mchana saa tisa, na kwa kiburi changu nikakifuta kwa kidole hiki hiki unachokiona. Sikiliza kwanza, utabisha nikimaliza.

Nina studio Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka geti la kwenda Kenya. Napiga picha za pasipoti, za harusi, za watoto waliobatizwa wanaolia. Kazi hii niliianza enzi za filamu, tulipokuwa tunapeleka mikanda Tororo kusafishwa, halafu unasubiri siku nyingi ujue kama mteja umempiga uso au umempiga kifua. Kwa hiyo ukiniletea kamera usinieleze. Nikiishika tu mkononi nimeshaijua. Na hivi vikamera vidogo vya bei ya chini, vinavyoandikwa kwenye boksi eti ni vya wanaoanza, nilikuwa navidharau mchana kweupe. Mtu anayejifunza kupika unampa sufuria iliyotoboka? Basi kwa nini anayejifunza kupiga picha apewe uchafu?

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika na wingu zito lilikuwa limesimama upande wa Tororo. Akaingia binti mmoja mrefu, mwembamba, kichwa amenyoa chote, amevaa sweta ya kijani. Mkononi ana mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko boksi dogo.

"Habari ya hapa, mama. Mimi naitwa Apio, natoka Mulanda. Watu wamesema wewe ndiyo unajua kamera. Unaweza niangalilia hii kama ni mzuri?"

Huku ukisikia Apio unajua kuna Adongo mahali, maana hayo ni majina ya mapacha, Apio wa kwanza na Adongo wa pili. Kwa hiyo nikamuuliza ile ya kuchangamsha mgeni tu, "Na Adongo wako umemwacha wapi?"

"Ameruka," akasema.

Sasa nielewe vizuri. Hapa mpakani neno hilo tunalitafuna kutwa. Mtu akiruka ameruka mpaka. Amepita njia ya pembeni bila karatasi, ameenda Kenya kutafuta kazi. Kuna wanaoruka asubuhi na jioni wamerudi na sabuni na mafuta ya kupikia. Mimi nikaona hilo hilo, sikufikiri lingine.

"Ameruka lini?"

"Wakati wa kupanda mahindi."

"Na simu hapigi?"

Akanitazama kidogo. "Hapana, mama. Hapigi."

"Wasichana wa siku hizi!" nikasema. "Wakiruka tu, nyumbani wamepasahau."

Alikaa kwenye benchi langu la wateja, tena pembeni kabisa, akaacha nafasi. Akaniambia mama yao anaumwa, hatoki tena kitandani, na kitu anachoomba kila siku ni picha ya mabinti zake wawili wakiwa pamoja. Haikuwepo hata moja. Adongo ndiye aliyekuwa anapenda kupiga watu picha kwa simu, lakini yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumpiga. Na simu yenyewe ilipotea.

"Basi akirudi mje wote wawili," nikamwambia, "nitawapiga kwa kamera ya maana, siyo hii."

Nikafungua boksi. Jamani! Plastiki tupu, nyepesi mpaka unaogopa kupumua karibu nayo. Lenzi ni kifungo cha shati. Kifuniko cha betri kinacheza. Kwenye boksi wameandika megapikseli kwa herufi kubwa kama tangazo la dawa ya mende, na mshamba akiona namba kubwa anadhani picha itakuwa nzuri. Pale juu kuna gurudumu lenye vijipicha: ua, mlima, mtu anayekimbia. Eti unachagua ua ukipiga ua. Kwani mtu anayeanza ni mjinga asiyejua ua?

Nikamwambia Apio, "Angalia nikufundishe kitu." Nikapiga ukuta. Rangi yangu ya samawati ikatoka kijivu. Hiyo ya kwanza. Nikasimama mlangoni, nikavuta kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, kikaja karibu kweli, lakini maandishi yote yamekuwa uji. Hiyo ya pili. Na ukibonyeza leo inapiga kesho! Ukimpiga mtoto kwa kamera hii utapata mahali alipokuwa amesimama.

Wakati huo akaingia Nekesa, jirani yangu anayeuza chai, na sinia lake. Nikampiga na yeye, ya tatu, akatoka kama amemwagiwa maji. Sinia lilikuwa na vikombe vitatu.

"Nekesa, wa tatu ni wa nani? Hata kuhesabu watu kumekushinda?"

Nekesa akatazama benchi, akanitazama mimi. Akaweka kikombe cha tatu pale penye nafasi, karibu na Apio, akatoka haraka. Nami nikacheka. Niamini, nilicheka kwa sauti.

"Kaa vizuri sasa nikupige wewe," nikamwambia Apio, "uone inavyowaharibu watu."

Kamera hizi zina kitu kimoja cha kujisifia: zinatafuta nyuso zenyewe na kuziwekea kisanduku cha njano kwenye kioo. Nikamlenga Apio, kisanduku kikakaa usoni kwake. Halafu kikatokea cha pili, pembeni yake, chini kidogo, kimetulia tuli. Nikafyonza. Hizi takataka huona nyuso hata kwenye pazia na kwenye nazi. Nikabonyeza.

Kioo kikaleta ujumbe kuuliza kama kuna mtu aliyefumba macho.

"Umefumba?"

"Mimi sikufumba, mama."

Nikaitazama picha. Kulikuwa na watu wawili kwenye benchi. Mmoja Apio. Mwingine amekaa pale penye kikombe, sura ile ile, pua ile ile, macho amefumba. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri mkono umetikisika. Mahali penye giza kamera mbovu huchelewa kufunga, mtu akisogea anatoka mara mbili, na mimi kosa hilo nimeliona mara mia. Nikajisikia vizuri kabisa, maana nilikuwa nimeshapata ushahidi wa kuitukana. Nikawasha mwanga wa kamera, nikampiga tena, ya tano, akatoka peke yake, mweupe kama unga wa muhogo.

"Basi, nimemaliza," nikasema, na huku nasema kidole kinatafuta alama ya kapu la takataka. Kamera ikauliza kama nataka kufuta zote. Nikakubali. "Huu ni uchafu, binti yangu. Aliyenunua hii alidanganywa kama mtoto mdogo. Irudishe dukani, na wakikataa itupe."

Apio akanyoosha mkono taratibu. "Nione ile ya kwanza ulinipiga."

"Hakuna cha kuona, nimezifuta zote. Iliharibika, ilitoa watu wawili."

"Wawili?"

Alisimama. Mvua ndiyo ilikuwa inaanza, nasikia matone ya kwanza kwenye bati. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Huyo mwingine alikuwa na nywele?"

Ndugu yangu unayenisikiliza, hapo ndipo damu iliponisimama. Alikuwa nazo. Alikuwa amesuka nywele, misuko imelala nyuma, na blauzi ya maua, siyo sweta. Vyote hivyo nilikuwa nimeviona kwenye kile kioo kidogo na sikuvisoma, kwa sababu nilikuwa natafuta kosa. Nikatazama kichwa cha Apio. Kile kipara. Ni mtu gani huku kwetu asiyejua kwa nini msichana ananyoa kichwa chote? Kipara cha matanga nilikijua tangu nikiwa mdogo, lakini siku hiyo nilikiona kama mtindo tu.

"Nilikuambia, mama," akasema. "Adongo ameruka."

Na mimi nimezaliwa huku huku! Pacha hasemwi amekufa, ni mwiko kulitamka hilo. Pacha anasemwa ameruka. Bibi yangu alisema hivyo, mama yangu alisema hivyo. Lakini miaka yote ya kukaa karibu na geti ilikuwa imenifanya nilisikie neno hilo kwa sikio moja tu, la biashara. Nilimtukania ndugu yake mbele yake kwamba hapigi simu.

"Alikuwa amefumba macho?" akauliza. "Ama amelala?"

"Amefumba," nikasema. "Mwanangu, kaa. Kaa pale pale, nikupige tena."

Nilipiga mpaka betri ikafa. Benchi, Apio, kikombe cha chai kilichopoa. Kisanduku kimoja tu cha njano kila mara, kwenye uso mmoja. Mwishowe Apio akaondoka kwenye benchi mwenyewe.

"Hii kamera ni yake," akasema. "Alinunua ya kuanzia kazi. Alitaka kuwa kama wewe. Haikutoka hata kwa boksi. Mimi nilitaka tu uniambie kama alinunua kitu kizuri."

Unajua mtu anaweza kukuvumilia mpaka ukatamani akupige? Yeye hakunitukana. Aliniachia ile kamera mezani, akasema, "Nakwenda, mama," akaingia kwenye mvua. Nikamkimbilia Nekesa, nikamuuliza kuhusu vikombe. "Mimi nilileta chai ya watu niliowaona," akanijibu. Mpaka leo akileta chai anasimama nje ya mlango, ndani haingii.

Asubuhi yake nikavuka, nikaenda kwa fundi mmoja upande wa Kenya ambaye anarudisha picha zilizofutwa. Nikakaa hapo nasali kwa sauti, watu wananitazama. Akahangaika na kompyuta yake, kisha akatabasamu.

"Mathe, usijali, zimerudi. Ukuta huu hapa. Kibao. Mama wa chai. Huyu dada mwenye mwanga usoni. Na hizi zingine za benchi ni mob, nyingi kweli." Akasogeza, akarudi nyuma, akakunja uso. "Lakini cheki, moja, mbili, tatu, halafu inaenda tano. Namba nne imeruka."

Nilimwomba asilirudie neno hilo. Hakuelewa, na mimi sikuwa na nguvu za kumweleza.

Nilienda Mulanda kurudisha kamera, nikaulizia mpaka nikafika kwao. Apio alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akanipeleka ndani kwa mama yake. Nilifikiri watanifukuza. Yule mama alinishika mkono tu, akasema, "Wewe ndiye ulimwona. Niambie." Nikamwambia misuko, nikamwambia blauzi, maua yake mekundu. Akasema ndiyo, blauzi hiyo ndiyo waliyomvalisha mara ya mwisho. Akalia, akafurahi, akaniomba nirudie. Sasa naenda huko kila Jumapili. Nimeacha wateja, nimeacha harusi, nakwenda kuisema kwa mdomo picha ambayo nilikuwa nayo mkononi. Apio anatupiga tukiongea, kwa kamera ile ile, na zinatoka nzuri tu.

Lakini kuna swali moja ambalo mama huyo huuliza kila mara, na kila mara nainamisha kichwa. Anauliza, "Mdomo wake ulikuwaje? Alikuwa anacheka?" Sijui. Wallahi sijui. Niliangalia benchi, niliangalia mwanga, niliangalia mkono wangu kama ulitikisika. Ule uso sikuutazama hata kidogo.

Kwa hiyo wewe unayejua kazi yako, unayeletewa vitu vya watu uvikague, tukana plastiki ukitaka, hata mimi bado naitukana. Lakini kabla hujafuta, muulize aliyekileta ni cha nani. Na ukiona visanduku viwili mahali alipokaa mtu mmoja, kaa kimya, mtazame mdomo, maana kuna mama atakuja kukuuliza.